Ukikabidhiwa chuo kikuu ukiwa bado mwanafunzi, ungegusa nini kwanza?

Kiti cha Nyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu umezaliwa koridoni. Nilikuwa nafuatilia sahihi moja tu kwenye fomu ya kubadili kozi, wiki ya tatu hiyo, tumejipanga ukutani watu kama 11 nje ya ofisi ya mkuu wa kitivo. Akapita mhadhiri mmoja mzee, akatutazama, akauliza kwa utani: "Nyie mngekabidhiwa chuo hiki mngekiendeshaje?" Tukacheka, naye akaenda zake. Swali likanibakia mimi. Foleni ina hilo moja zuri, inakupa muda wa kuwaza upuuzi mpaka unaanza kufanana na hoja.

Kabla hamjanirukia: sizungumzii rais wa serikali ya wanafunzi, yule wa mabango na kampeni. Nazungumzia kiti chenyewe, cha yule ambaye sahihi yake inakaa kwenye cheti. Marekani wanamwita rais wa chuo, kwingine rekta, na nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza mtendaji ni makamu mkuu wa chuo, kwa sababu mkuu wa chuo mwenyewe huja siku ya mahafali, huvaa joho, hutunuku shahada, huondoka.

Na wala si ndoto za mchana. Imeshatokea. Bologna, Italia, chuo ambacho mwaka wake wa kuanzishwa unatajwa kuwa 1088, kiliwahi kuwa mikononi mwa wanafunzi. Neno universitas enzi hizo halikuwa na maana ya majengo, lilikuwa na maana ya chama, na pale Bologna kilikuwa chama cha wanafunzi. Wengi wao walikuwa watu wazima waliotoka mbali kusoma sheria. Mjini ni wageni, hawana mtetezi, wenye nyumba wanawapandishia kodi wanavyotaka. Wakaungana. Walipomalizana na wenye nyumba wakawageukia wahadhiri. Wakachagua rekta kutoka miongoni mwao, na mhadhiri akawa ndiye anayeapa kumtii.

Sasa sikilizeni masharti. Mhadhiri hakosi hata siku moja bila ruhusa. Akitaka kutoka nje ya mji anaweka amana ya fedha ili ijulikane atarudi. Anaanza kengele ikilia, anaacha kengele inayofuata ikilia. Haruki sura, wala hasemi "hili gumu tutalirudia mwishoni" halafu mwisho usifike. Na mhadhara wake ukikosa wasikilizaji 5, anatozwa faini kama vile hakutokea kabisa. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba, nikamkumbuka mtu fulani aliyetufundisha nusu ya mtaala akatutungia pepa la mtaala mzima.

Ila msishangilie sana. Ubabe ule ulisimama kwa miguu miwili. Wa kwanza, mhadhiri alikula kutokana na ada ya mwanafunzi, mkono kwa mkono. Wa pili, chuo hakikuwa na majengo ya kukifunga mahali, kwa hiyo watu wakiudhika walifungasha virago. Padua kilianza 1222 kutokana na kundi lililoihama Bologna. Mji ulipoanza kuwalipa wahadhiri mishahara, mguu wa kwanza ukakatika. Utii ukamfuata mlipaji. Rekta wa wanafunzi akabaki na cheo.

Mwanafunzi akikalia kiti hicho leo hana mguu hata mmoja kati ya ile miwili. Mishahara haitoki mfukoni mwake moja kwa moja, na maabara hazibebeki mgongoni. Anabaki na kitu kimoja tu ambacho profesa wa miaka 30 amekwishakisahau: anajua kusubiri kulivyo.

Ndiyo maana mimi nisingegusa mitaala, nisingejenga ukumbi wenye jina langu, nisingetangaza "dira mpya". Muhula wangu wote ningepambana na kusubiri. Unafanya mtihani, unaenda likizo, unarudi, unaanza muhula mpya hujui kama ule uliopita ulipita au ulikupita. Unasajili kozi ya pili inayojengwa juu ya kozi ya kwanza ambayo huenda una sapu yake, yaani mtihani wa marudio. Umeandika insha ya kurasa 12, inarudi wiki ya mtihani ikiwa na namba 14 na tiki moja. Ile tiki inanifundisha nini? Ratiba inatoka, kisha inatoka ratiba ya mwisho, kisha ya mwisho kabisa. Halafu kuna tasnifu, ambako mwanafunzi anasubiri msimamizi asome sura ya pili, msimamizi anasubiri mwanafunzi alete sura ya pili iliyorekebishwa, na kila mmoja anaapa kwamba zamu ni ya mwenzake.

Amri yangu ya kwanza: kila karatasi ya mwanafunzi inayoingia ofisini inaandikwa tarehe ya kujibiwa na jina la aliyeipokea. Jina, si cheo. Cheo hakiulizwi swali. Ya pili: matokeo yanatoka wiki 2 baada ya mtihani wa mwisho. Ya tatu: kazi ya mwanafunzi inarudi ndani ya wiki 3 ikiwa na maneno, hata sentensi mbili zinatosha. Ofisi yangu ningeishusha ghorofa ya chini, jirani na usajili, na siku moja kila wiki ningepanga foleni na fomu mkononi kama mtu mwingine yeyote.

Nisivyogusa: alama za mtu, nani aajiriwe kufundisha, nani apandishwe kuwa profesa. Sijui fizikia kiasi cha kumpima mwanafizikia.

Nawasilisha. Karibuni na mawe.

---

Desa Asilia

Mimi nimekwama hapo kwenye wasikilizaji 5. Kuna mhadhiri wetu wa kipindi cha saa 1 asubuhi angeshafilisika. Ila tuseme ukweli wa Mungu, tungemfilisi sisi, maana yeye huwa anafika.

---

Sapu Mbili

Mkuu acha siasa. Mimi nikikaa hicho kiti siku ya kwanza nafuta sapu zote, siku ya pili najiuzulu.

---

Desa Asilia

@Sapu Mbili na cheti chako siku ya tatu hakuna mwajiri anayekipokea. Umejifuta mwenyewe.

---

Mstaafu wa Chaki

Kijana wangu Kiti cha Nyuma, umeandika vizuri kuliko tasnifu nyingi nilizosahihisha, kwa hiyo nitakukosoa kama mtu mzima.

Kosa lako la kwanza ni neno "amri". Chuo kikuu si kambi. Mambo ya kitaaluma yako chini ya seneti: mitaala, mitihani, kanuni, nani anahitimu. Fedha, mali na ajira ziko chini ya baraza la chuo. Mtendaji mkuu anakaa katikati kama mtu aliyeshika kamba mbili zinazovutwa pande tofauti. Ungetoa amri yako Jumatatu, Jumatano ungekuwa mbele ya kikao unaulizwa imetokana na kanuni namba ngapi. Nimewaona wakuu wenye uprofesa wa miaka mingi wakiingia seneti na wazo zuri wakatoka na kamati ndogo ya kulichunguza wazo hilo. Kamati ndogo, mwanangu, ni makaburi yenye chai.

La pili, hesabu. Unataka matokeo wiki 2. Nimewahi kuwa na darasa la watu 400. Kijitabu kimoja cha majibu ya kujieleza ukikisoma kwa haki kinakula dakika 10. Zidisha: dakika 4,000, karibu saa 67. Hapo sijafundisha, sijala, na nina kozi nyingine mbili. Ukinibana kwa wiki 2 nitakupa unachokiomba, lakini utapata mtihani wa kuchagua a, b, c au d. Utakuwa umefuta kusubiri na ukafuta mtihani wenyewe. Ile tiki yako na namba 14 ilizaliwa hapo hapo, si kwenye uvivu peke yake. Nasema peke yake kwa sababu uvivu nao tunaujua.

La tatu, mfuko. Bajeti ya chuo sehemu yake kubwa ni mishahara. Kinachofuata ni umeme, maji, matengenezo na madeni ya nyuma. Fedha za utafiti zinakuja na jina la mradi, huwezi kuzinunulia viti vya darasani hata kama zimelala. Kwa hiyo mkuu wa chuo anayesemwa kuwa na mabilioni huenda anachoweza kukiamua mwenyewe, bila kumuuliza mtu, kisitoshe kupaka rangi bweni moja. Ungeanza na huo mshtuko.

---

Kiti cha Nyuma

Shikamoo mwalimu. Nimekubali hesabu ya saa 67, sina pa kutokea. Ila naomba nikurudishie mpira: darasa la 400 aliliidhinisha nani? Mwanafunzi hakujidahili. Kama kila anayedahili angelazimika kwanza kuonyesha vijitabu hivyo vitasahihishwa na mikono mingapi, hiyo 400 isingefika.

---

Mstaafu wa Chaki

Marahaba. Hapo umenigusa penyewe. Kudahili ndiko kunakoleta ada, na ada ndiyo inayoziba pengo la kile ambacho serikali haikuleta. Ukikata 400 kuwa 200 umepunguza kusubiri na umepunguza pato siku hiyo hiyo. Karibu kwenye kiti.

---

Msomaji wa Usiku

Wakuu, mtoa mada ameishia zama za kati, naomba niongeze ya karibuni, maana mwanafunzi amekalia kiti hiki hata karne ya 20.

Vyuo vikuu vya kale vya Uskoti vina rekta anayepigiwa kura, na sheria ya Bunge ya mwaka 1889 inampa haki ya kuongoza vikao vya chombo cha juu cha utawala wa chuo. Edinburgh kura hizo zilikuwa zikimpa nafasi hiyo mtu mashuhuri. Alexander Fleming, yule wa penisilini, aliwahi kuwa rekta pale. Mashuhuri huwa ana shughuli zake. Mwaka 1971 wanafunzi wakamchagua mwanafunzi mwenzao, Jonathan Wills, na 1972 wakamchagua mwingine, kijana wa miaka 21 aliyekuwa anaanza utafiti wa shahada ya uzamivu, Gordon Brown. Huyu hakuridhika na jina kwenye barua. Alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti akaendesha vikao. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 2007.

Lakini angalieni vizuri. Kuongoza kikao si kuendesha chuo. Shughuli za kila siku zilibaki kwa mtendaji na ofisi zake. Mwenyekiti ana nguvu ya aina yake: anaamua ajenda ipi ije kwanza na nani apewe nafasi ya kusema, na hiyo si ndogo, kwa sababu jambo lisilofika mezani halikataliwi wala halikubaliwi, linaoza tu. Ila umeme ukikatika maabara hapigiwi simu yeye.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwaka 1970 Leon Botstein alipewa urais wa Franconia College, New Hampshire, akiwa na miaka 23. Shahada yake ya uzamivu ya Harvard alikuja kuipata 1985, kwa hiyo unaweza kusema kwa kiasi fulani rais yule bado alikuwa na kazi ya darasani haijaisha. Chuo kilikuwa kidogo na hali yake ya fedha ilikuwa mbaya. Mwaka 1975 akaondoka kwenda kuongoza Bard College, akakaa huko miongo mingi. Franconia kikafungwa 1978. Mimi nasoma hivi: ujana haukukiua chuo, na ujana haukukiponya. Kilichokiua ni kitabu cha mapato na matumizi.

---

Manifesto

Na Córdoba jamani! Argentina, 1918. Chuo kilichoanzishwa na Wajesuiti 1613, wanafunzi wakagoma, tarehe 21 Juni wakatoa waraka wao, na kutoka hapo vyuo vya Amerika ya Kusini vikaanza kuwaweka wanafunzi ndani ya mabaraza wakiwa na kura. Mtoa mada unahangaika na kiti kimoja, wenzako miaka zaidi ya 100 iliyopita waliona bora viti vitano visivyo vya enzi ndani ya chumba chenye kura. Mtu mmoja hununulika. Au huchoka.

---

Kiti cha Nyuma

@Manifesto hili limenikaa. Ngoja nilitafune kwanza.

---

Karani wa Usajili

Habari zenu. Mimi ni yule wa upande wa pili wa dirisha, ambaye nyote mnanichukia kuanzia saa 4 asubuhi. Nimesoma uzi wote, naomba niwaeleze matokeo yanapolala, maana naona mnalaumu mlango usio wenyewe.

Mhadhiri akimaliza kusahihisha, alama haziji kwangu. Zinaenda idarani. Pale kuna mwenzake anayepitia sampuli ya vijitabu kuona kama usahihishaji ni wa haki. Kuna mtahini wa nje, mtu wa chuo kingine, ambaye anaangalia maswali na majibu. Kikao cha idara kinakaa. Kisha kikao cha kitivo. Kisha seneti au kamati yake. Ndipo yanakuwa matokeo. Kabla ya hapo ni namba tu, na nikikutolea namba halafu kikao kikabadilisha, mimi ndiye ninayeitwa.

Sasa siri. Vikao hivyo havikai kwa ajili ya kozi moja moja. Vinakaa kwa programu nzima. Kozi 7 zimefika, ya 8 haijafika, kikao kinaahirishwa. Watu 300 wanasubiri alama za kozi ambayo wengi wao hata hawaisomi. Nimeshuhudia matokeo yakilala mwezi mzima kwa sababu ya bahasha moja iliyokuwa kwenye gari la mtu. Na mwanafunzi akija dirishani siwezi kumwambia "ni bahasha ya fulani". Namwambia "mfumo". Neno mfumo limenistiri sana katika kazi hii.

Kwa hiyo kama kuna mwanafunzi atakuja kuwa bosi wangu, ombi langu ni hili: asinipe tarehe ya mwisho. Aniruhusu kubandika ukutani orodha ya kozi zilizofika na ambazo hazijafika. Bila matusi, bila majina, kozi tu. Ndani ya siku 3 zile bahasha zitatembea zenyewe.

---

Desa Asilia

"Neno mfumo limenistiri sana." Karani umenimaliza. Miaka yote hiyo nadhani ni kompyuta.

---

Binti wa Gari la Mwisho

Nimekuwa nasoma kimya, sasa naingia.

Mnasema mwanafunzi anajua kusubiri. Mwanafunzi yupi? Mtoa mada unavyoandika naona kijana anayekaa bwenini, mwenye muda wa kusimama koridoni wiki 3. Mimi nakaa nje ya chuo na nina mtoto. Kipindi kikihamishwa kutoka saa 8 mchana kwenda saa 12 jioni kwa ujumbe uliotumwa saa 7, mwenzangu wa bwenini anaenda kulala kidogo, mimi nakosa kipindi. Wiki ya tatu ya foleni mimi nisingekuwepo, ningeshaiacha hiyo kozi. Yule anayetembelea kiti cha magurudumu naye ofisi ya mkuu wa kitivo haifikii kabisa, kama iko juu na lifti ni picha kwenye ramani ya jengo. Na kutoka maktaba kwenda getini usiku kuna kipande hakina taa. Kijana atapita akiwa na simu sikioni, wala hajui kwamba ni kipande. Mimi nakihesabu hatua.

Kwa hiyo ukishakaa kitini, mkuu, kuna hatari kubwa ukadhani maisha yako ndiyo maisha ya mwanafunzi. Profesa angalau anajua hajui. Wewe ungekuwa na uhakika.

---

Kiti cha Nyuma

Dada yangu, umenipiga na jiwe nililoliomba mwenyewe. Ile siku moja ya foleni kila wiki naona sasa ilikuwa maonyesho, maana nani angethubutu kumsubirisha rais? Ningehudumiwa dakika ya pili halafu nitangaze foleni imekwisha.

Ungeanza wapi wewe?

---

Binti wa Gari la Mwisho

Ratiba. Ikishatoka, kipindi hakihami bila notisi ya siku 7, na kikihama kinahamia saa ambayo darasa zima limekubali, si kiongozi wa darasa peke yake aliyepigiwa simu. Haigharimu chochote. Pili ile taa, hiyo inagharimu balbu na mtu wa kupanda. Mengine ya Bologna na Edinburgh nitayasoma mtoto akilala.

---

Mstaafu wa Chaki

Binti, ungekuwa seneti ningekuunga mkono kwa mikono miwili. Ile ya siku 7 ingetuuma sisi wahadhiri, hasa wenye vibarua chuo kingine. Ndiyo maana haipiti.

Nina swali lililobaki kwa mtoa mada, nalo nalileta bila utani. Mtihani wako wewe rais angesahihisha nani? Mhadhiri ambaye mkataba wake unasubiri sahihi yako akikuta kijitabu chako kinastahili kufeli, unadhani kalamu yake itaandika nini? Na akikufelisha kwa haki, kesho akinyimwa mkataba kwa sababu nyingine kabisa, nani atamwamini nani? Pale Bologna walioapa walikuwa wahadhiri, lakini kumbuka kutahini kwa ajili ya shahada kulibaki mikononi mwao. Hata katika kilele cha ubabe ule wanafunzi hawakuchukua kalamu nyekundu.

---

Kiti cha Nyuma

Mwalimu, hili ndilo lililoninyima usingizi tangu jana. Njia ninayoiona ni moja: unasimamisha masomo. Mwaka wa kiti si mwaka wa darasa. Hufanyi mtihani, huandiki tasnifu, husajili kozi. Unarudi darasani baadaye kama mtu yeyote, na aliyekufelisha hana cha kuogopa kwa sababu kiti kina mwingine.

Najua mtaniuliza. Kama umesimamisha masomo, bado ni mwanafunzi? Ndiyo na hapana. Miezi ya kwanza bado unanuka koridoni. Mwezi wa 9 utakuwa umeshaanza kusema "mfumo".

---

Msomaji wa Usiku

Hiyo ya mwezi wa 9 ni sababu tosha ya kukifanya kipindi kiwe kifupi. Lakini mwaka mmoja hautoshi hata kuujua mzunguko wa bajeti. Bajeti utakayoikuta ilipitishwa kabla yako, na utakayoiandaa ataitumia anayekuja. Rais wa mwaka mmoja anatumia fedha za mtu na kumpangia mtu fedha. Zake mwenyewe hazioni.

---

Manifesto

Ndiyo maana nikasema viti vingi kwenye baraza kuliko kiti kimoja juu. Wawili wa mwaka wa kwanza, wawili wa mwaka wa mwisho, wanapokezana nusu kwa nusu ili kumbukumbu isiondoke yote siku moja. Mmoja lazima awe anakaa nje ya chuo (salamu kwa Binti). Wanapewa makabrasha ya kikao wiki nzima kabla, si mlangoni. Mwanafunzi aliyepewa kurasa 200 asubuhi ya kikao atakunywa maji ya chupa na kupiga kura ya ndiyo, hata awe na akili ya kiasi gani. Nimekaa kwenye kikao cha hivyo. Maji yalikuwa mazuri.

---

Sapu Mbili

Sasa nimeelewa kwa nini wale wawakilishi wetu wanarudi wamenyamaza.

---

Kiti cha Nyuma

Wakuu, nimerudi kwenye bandiko la kwanza nikiwa na kalamu. Matokeo wiki 2 nimefuta, nimeweka ukuta wa Karani. Foleni yangu ya maonyesho nimefuta, nimeweka siku 7 za Binti. Sentensi mbili juu ya insha nimebakiza, ila kwa madarasa ambayo mwalimu ana wasaidizi wa kusahihisha. Kwa darasa la 400 nimeandika "kwanza tujibu kuhusu udahili" na sina jibu. Viti vya Manifesto nimeviweka juu kabisa, juu ya kiti changu.

Jina kwenye karatasi badala ya cheo, hilo silitoi. Mnipige mawe mpaka asubuhi.

---

Karani wa Usajili

Hilo lako la jina nakuunga mkono, ingawa litanigharimu. Mimi jina langu nitaandika.

Ila Kiti cha Nyuma, kuna kitu kinanisumbua tangu bandiko lako la kwanza. Ile fomu ya kubadili kozi. Ni kozi ya lazima au ya kuchagua?

---

Kiti cha Nyuma

Ya kuchagua.

---

Karani wa Usajili

Na zote mbili ni za idara moja?

---

Kiti cha Nyuma

Ndiyo. Kwa nini?

---

Karani wa Usajili

Kwetu hiyo haiendi kwa mkuu wa kitivo. Inasainiwa na mkuu wa idara, inaletwa dirishani, dakika 5. Kasome kanuni za chuo chako uone kama ni tofauti. Nani alikwambia ukapange pale?

---

Kiti cha Nyuma

Nimezisoma sasa hivi. Ni hivyo hivyo.

Aliniambia jamaa aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni.

---

Desa Asilia

Na yeye aliambiwa na nani?